Punguza Kidogo

Jumatatu

Prosesa ya gita imefika. Muuzaji ni mpiga gita wa Sinza aliyeacha bendi za harusi akaingia kwenye vifaranga. Amenikabidhi kikasha, adapta, na kitabu cha maelekezo cha lugha nyingi, Kiswahili hakimo. Alinipa pole kabla ya kuhesabu hela. Nimeichukulia kuwa ni salamu.

Kwa asiyeijua: prosesa ni kompyuta inayojifanya amplifaya. Gita linaingia upande mmoja. Upande wa pili inatoka sauti ya amplifaya isiyokuwepo, iliyopita kwenye boksi la spika lisilokuwepo, mbele ya maiki isiyokuwepo. Ndani ya hii yangu zimo amplifaya zaidi ya mia. Nyumbani hamna hata moja, kwa kuwa ile ya zamani ilitoa moshi katikati ya ibada ya Pasaka, na waumini wa viti vya mbele wakadhani ni sehemu ya igizo la kaburi.

Baba mkwe alikuwepo. Alikigeuzageuza kikasha, akasema Mbaraka Mwinshehe hakuhitaji kitu kama hiki. Nilimweleza kwa heshima kwamba Mbaraka alifariki mwaka 1979, na POD ya Line 6, iliyovipa umaarufu vikasha vya aina hii, ilitoka mwaka 1998, kwa hiyo hakupata nafasi ya kukikataa. Baba mkwe alisema angekikataa.

Spika iliyopatikana ni sabufa ya sebuleni. Waya nilinunua Kariakoo: pini kubwa upande mmoja, pini nyekundu na nyeupe upande wa pili. Prosesa ina matundu mawili ya kutolea sauti. Ukichomeka la kushoto peke yake, mashine inajumlisha pande zote mbili na kuzitoa hapo hapo. Ukichomeka la kulia peke yake, inakupa nusu ya kulia na kukuacha na Mungu wako. Waya ulikaa kulia. Ekko niliyochagua ni ile ya kupokezana, kushoto kisha kulia, hivyo sebule ilisikia majibu ya kulia tu. Ya kushoto yalibaki ndani ya kikasha jioni nzima.

Sabufa ilikuwa bado kwenye mpangilio wa Jumamosi, besi mwisho. Uzi wa sita wa gita hutikisika mara 82 kwa sekunde, na hayo ndiyo masafa ambayo sabufa iliumbwa kuyapenda. Nilipoupiga, kioo cha kabati la vyombo kiliitikia. Glasi tulizozawadiwa kwenye harusi, ambazo hazijawahi kunywewa kitu, zilianza kusogea ukingoni kwa mstari. Mke wangu alizizuia kwa kiganja. "Punguza kidogo," akasema.

Nilipunguza kwenye prosesa. Mwanangu, mwenye rimoti, aliona imepungua, akaongeza kwenye sabufa. Gita lilibaki pale pale. Kilichoongezeka ni mchakacho wa sabufa yenyewe.

Jumanne

Mwanangu anasema waya ni mambo ya kizamani. Ana kidude cha bluetooth cha kuchomeka kwenye tundu la hedifoni. Tulikichomeka. Nikapiga noti. Noti haikuja. Nikamtazama mtoto. Noti ikaja.

Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kama sehemu ya tano ya sekunde. Hewani sauti huenda karibu mita 343 kwa sekunde. Maana yake, kwa macho nilikuwa nimekaa kando ya sabufa, na kwa masikio nilikuwa karibu mita 70 kutoka kwake, ambapo ni kijiwe cha bodaboda. Nilijaribu sebene. Vidole vilisubiri sabufa, sabufa ilisubiri vidole, kasi ikashuka na kushuka. Jirani aliyekuwa akipita nje alisimama dirishani, akauliza taratibu nani katutoka.

Tukarudi kwenye waya, safari hii tundu la kushoto.

Jioni nilipitia priseti za kiwandani. Priseti ni mpangilio uliohifadhiwa: amplifaya fulani, boksi fulani, mwangwi fulani. Aliyeziandaa ana hasira. Ya kwanza ilikwaruza. Ya pili ilikwaruza ikiwa pangoni. Zilizofuata zilikwaruza kwa mapana mbalimbali. Mimi ni mpiga solo wa kwaya. Ninachohitaji ni gita safi, lenye kung'aa, na ekko kidogo ya kulipeleka sebene mbele. Niliipata mbali sana kwenye orodha, ikiwa ndogo kwa sauti na yenye adabu. Nikaongeza voliumu mpaka nikairidhia. Kisha nikakanyaga kwenda priseti inayofuata.

Hapa inabidi kusema jambo kuhusu desibeli. Ukiongeza desibeli 3, nguvu ya umeme inayokwenda kwenye spika imekuwa mara mbili, na sikio linasema imeongezeka kidogo tu. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, zinatakiwa kama desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Priseti iliyofuata ilikubaliwa na masikio ya nyumba tatu.

Mama mwenye nyumba anaishi upande wa pili wa ukuta. Alikuja na kanga begani, miwani mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kimeanguka nini?"

Nilimwambia hakuna kilichoanguka. Alichungulia nyuma yangu kuhakikisha nyumba yake bado ipo.

Jumatano

Asubuhi nimelinganisha priseti. Utaratibu ni huu: unapiga kipande kile kile cha wimbo kwenye kila priseti, kwa nguvu ile ile ya mkono, na unazishusha zile zinazopayuka. Hupandishi zile za upole, maana kupandisha hakuna mwisho isipokuwa taa nyekundu.

Kushusha nako kuna mambo yake. Ndani ya amplifaya moja isiyokuwepo mna vitufe vitatu ambavyo vyote vinaonekana kuwa vya voliumu. Cha kwanza ni geini, nacho kinaongeza ukwaruzaji. Cha pili ni masta, nacho kinabadili namna amplifaya inavyohema. Cha tatu ni voliumu ya chaneli, na hicho peke yake ndicho kinachobadili ukubwa wa sauti bila kugusa tabia yake. Nilianza na cha kwanza. Kufikia chai ya saa nne, priseti zote zilikuwa na ukubwa mmoja na hakuna hata moja niliyoitambua.

Mchana mpiga ridhimu wa bendi yetu ya zamani aliniletea amplifaya yake ya kuazima, ya kweli, yenye spika ya inchi 12 na mpini uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Tuliichomeka kwa mbele, mahali linapochomekwa gita. Sauti ilitoka imefunikwa, kama mtu anayeimba chini ya godoro. Tukaongeza treble yote. Akaimba kwa nguvu zaidi chini ya godoro.

Maelezo yapo kwenye kitabu, ukurasa ambao muuzaji alikuwa amewekea kikombe cha chai. Prosesa ilikuwa imeshapitisha gita kwenye amplifaya ya kuigiza na boksi la kuigiza. Sasa tukayapitisha tena yote hayo kwenye amplifaya ya kweli na boksi la kweli. Spika ya gita ya inchi 12 haina haja na sauti kali. Kuanzia kama mitikisiko 5,000 kwa sekunde kwenda juu, inaziacha zipotee. Ukiwa na maboksi mawili, moja la kompyuta na moja la mbao, ung'avu unakatwa mara mbili. Kinyume chake ndicho kinachotokea ukizima boksi la kuigiza ukaenda moja kwa moja kwenye spika ya muziki wa kawaida: hakuna anayekata chochote, na gita linasikika kwa ukali wake wote, pamoja na kucha.

Dawa ni kuzima boksi la kuigiza na kuchomeka waya nyuma ya amplifaya, kwenye tundu la ritani, ambako sauti inaingia moja kwa moja kwenye sehemu ya nguvu bila kupita mbele. Tulifanya hivyo. Gita lilitoka chini ya godoro na kuingia sebuleni likiwa zima.

Mwenye amplifaya alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akainama kupunguza voliumu. Haikupungua. Ukiingilia ritani, vitufe vya mbele katika amplifaya nyingi havihusiki tena. Alikizungusha mpaka sifuri. Gita likaendelea. Akakizungusha mpaka mwisho. Gita likaendelea vile vile. Alikitazama kitufe ambacho amekitumia tangu ujana wake, akaomba maji ya kunywa.

Alhamisi

Nyumba inavuma.

Prosesa nimeiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB ili nipange priseti kwenye kioo kikubwa. Kompyuta inachajiwa kwenye soketi ya chumbani. Amplifaya inakula umeme wa sebuleni. Kwa hiyo kuna vyombo viwili, njia mbili za kwenda ardhini, na waya wa sauti katikati unaofunga duara. Duara hilo linadaka mvumo wa umeme na kuupeleka kwenye spika.

Umeme wetu hutikisika mara 50 kwa sekunde. G ya kwenye uzi mnene wa gita la besi, kituo cha tatu, hutikisika mara 49. Nyumba yangu, kwa hiyo, inaimba G iliyopanda kidogo, kama theluthi ya nusu-toni. Mpiga besi wa kwaya, aliyekuja kufanya mazoezi ya nyimbo za Jumapili, hakuuliza. Alikaa, akasikiliza, akatyuni besi lake kwa nyumba. Tulipoanza wimbo, yeye na nyumba walipatana vizuri sana, mimi nikawa nje.

Tulimwita fundi umeme wa mtaa. Alifika na koleo akiwa amekwishalifungua. Dawa yake ni kukata waya wa ardhini ndani ya plagi ya amplifaya, na kweli mvumo ungekwisha. Waya huo umewekwa ili umeme ukikosea njia uende chini badala ya kwenda kwenye nyuzi za chuma zilizoshikwa na mume wa mtu. Mke wangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alinyoosha mkono, akapokea koleo, akaenda nalo jikoni. Fundi alilipwa nauli.

Tuliondoa chaja. Vyombo vyote vikala kwenye ekstensheni moja. Mvumo ulikufa papo hapo, na ikabaki sauti nyembamba ambayo haikutoka kwenye nyaya bali kwenye pikapu za gita; zina koili moja moja, na zinadaka kelele za umeme za runinga na taa. Nikigeuka, inapungua. Nikielekea jikoni, inanyamaza kabisa. Nimefanya mazoezi nimeelekea jikoni. Mke wangu aliniuliza mara kwa mara nataka nini.

Ijumaa

Mazoezi kwenye ukumbi wa usharika. Huku hakuna amplifaya ya gita; kuna mikisa, na kuna spika kubwa zenye amplifaya ndani, zinazotoa kila kitu kama kilivyo. Boksi la kuigiza nimeliwasha tena. Boksi moja tu kati ya mawili.

Fundi mitambo ni kijana mpole asiyepokea ushauri. "Bwana asifiwe, kaka," alisema, akaninyang'anya waya. Akauchomeka kwenye njia ya maiki.

Vyombo vya kitaalamu hutoa kile kinachoitwa kiwango cha laini, +4 dBu, yaani volti 1.23. Redio na sabufa za nyumbani zinategemea kama volti 0.32. Maiki hutoa milivolti chache tu, ndiyo maana njia yake imejengwa ikiwa na hamu kubwa ya kukuza. Nilipiga koadi moja. Taa nyekundu iliwaka na kubaki imewaka hata koadi ilipokwisha, kwa mshituko. Fundi alishusha geini mpaka chini kabisa. Ikawaka tena. Alinitazama kama niliyeleta kitu kisicho cha kiroho.

Ndani ya prosesa kuna mahali pa kuchagua: laini au maiki. Nilichagua maiki, taa ikazimika, na sauti ikapotea. Yeye, kule nyuma, akaona sauti imepotea, akapandisha geini. Mimi, huku mbele, nikaona sauti imepotea, nikazungusha kitufe kikubwa cha prosesa. Tulikutana juu.

Mwalimu wa kwaya alisubiri mluzi uishe, kisha akasema tuanze.

Mpiga kinanda hakujisikia, akaongeza. Mpiga besi hakujisikia, akaongeza. Waimbaji walisogelea maiki mpaka zikalowa. Mpiga ngoma hana kitufe. Kila mtu humjia kwa kumkazia macho, naye hupiga amefumba. Nilitoa simu, nikafungua programu ya kupimia kelele. Ilisoma desibeli 97. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mfanyakazi asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1. Kwenye 97 unabaki na dakika 30. Mazoezi yetu ni ya saa 3. Nilimwonesha mwalimu kioo cha simu, nikamweleza kwamba kwa hesabu hiyo tulipaswa kwenda nyumbani kabla ya sauti ya tatu kupewa noti yake.

"Hao NIOSH," akauliza, "wana kwaya?"

Jumamosi

Asubuhi mama mwenye nyumba alikuja na mjumbe wa mtaa. Mjumbe alikaa kwenye kochi, akaeleza kwamba kuna malalamiko, na kwamba kabla ya kuamua lazima asikie chombo chenyewe. Nilipiga kwa upole. Aliniuliza kama naweza zile za Franco. Nikampa kipande. Alisogeza kiti. Akaomba kingine. Kufikia saa sita alikuwa amevua viatu, na ndiye mtu pekee wiki hii aliyesema "Ongeza kidogo." Mama mwenye nyumba aliondoka bila kuaga. Uamuzi: ruhusa saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, na mjumbe atakuwa anapita kukagua.

Usiku, kwa sababu ya uamuzi huo, nilivaa hedifoni. Nilitengeneza priseti ya Jumapili polepole, sauti ikiwa chini, watoto wamelala. Gita lilikuwa jembamba kidogo, nikaliongezea besi. Lilikosa ung'avu, nikaongeza treble. Likanona na kumeremeta. Sijawahi kusikia gita zuri namna hiyo.

Nilikuwa naiandikia priseti hiyo jina, kabla ya kubonyeza kuhifadhi, LUKU ilipokwisha. Giza. Gita zuri likaenda na uniti ya mwisho. Mke wangu alisema kutoka chumbani kwamba mita ilikuwa inalia tangu saa tatu. Hedifoni yangu inaziba masikio vizuri sana; imeandikwa hivyo kwenye boksi lake.

Umeme ulipolipiwa nilianza upya, nikiongeza besi na treble zaidi kidogo kwa ajili ya kumbukumbu.

Jumapili

Ibada ya kwanza. Priseti mpya. Koadi ya kuanzia ilifika kifuani kwa waumini kabla ya masikioni. Chini ilinguruma, juu ilichoma, katikati, linapoishi gita, hapakuwa na mtu.

Jambo hili lina wenyewe. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs, Marekani, walichapisha vipimo vya namna sikio linavyosikia katika viwango mbalimbali vya sauti. Sauti ikiwa chini, sikio linaipunja besi, na linapunja pia ncha ya juu; ikipanda, linazirudisha. Kwa hiyo kilichoongezwa usiku kwa sauti ndogo ili kujaza pengo, asubuhi kwa sauti kubwa hakina pengo la kujaza. Kinabaki kimesimama katikati ya ukumbi.

Fundi mitambo alikata kila kitu chini ya mitikisiko 100 na kila kitu juu ya 6,000. Hakuniuliza. Gita likarudi. Nilimwinulia kidole gumba; alidhani naomba iongezwe, akaongeza.

Baada ya ibada mzee wa kanisa aliniita kando.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gita lako linanipiga hapa." Alionesha sikio la kulia.

Nilikwenda kupatazama anapokaa. Sauti kali za spika huenda mbele zimenyooka, na anayesimama pembeni hazimfikii zote. Ndiyo maana mimi, niliye pembeni ya spika, naliona gita limepoa na kuliongezea makali, na yanayoongezeka yanakwenda kwa aliye mbele yake. Aliye mbele yake, kwa urefu wa sikio, ni mzee. Kiti hicho amekikalia tangu kanisa likiwa la mabati matupu. Tulijadiliana na fundi. Mzee hahamishwi. Spika ilihamishwa, ikasogezwa kwenye kona, ambako kuta mbili na sakafu ziliirudishia besi yote tuliyokata.

Jumatano

Kikao cha tathmini ya vyombo, baada ya maombi. Wajumbe walitaka kujua voliumu ya gita iko wapi hasa, ili ikihitajika kupunguzwa ipunguzwe. Nilisimama nikazitaja: iko kwenye gita lenyewe, iko kwenye amplifaya iliyo ndani ya prosesa, iko kwenye kitufe kikubwa cha prosesa, iko kwenye geini ya mikisa, iko kwenye feda ya mikisa, iko mgongoni mwa spika. Katibu aliuliza kama inawezekana kubaki na moja, ili kubana matumizi.

Fundi mitambo aliomba nafasi. Alisema tatizo la usharika huu ni watu wawili kufanya kazi moja. Maboksi mawili, njia mbili za ardhini, mikono miwili kwenye sauti moja. Wahudumu wa mlangoni walidhani wanasemwa wao, ikachukua muda kuwatuliza.

Mwisho iliamuliwa hivi. Spika ikae kwenye alama ya katikati, pale ilipoandikwa sifuri. Feda ya mikisa iwekwe sifuri. Prosesa itoe laini, iingie njia ya laini, kitufe chake kikubwa kikae mahali pamoja. Geini ipandishwe nikipiga kwa nguvu zangu zote za sebene, mpaka taa ya njano iguswe na nyekundu isijue kinachoendelea. Kisha kila kitufe kibandikwe plasta, isipokuwa feda, na feda iguswe na fundi peke yake. Priseti zitengenezwe hapa hapa ukumbini, kwa sauti ya ibada. Spika itoke konani, iinuliwe juu ya stendi, ipite juu ya kichwa cha mzee.

Ombi lolote la kupunguza lipitie ngazi zinazostahili. Muumini atamwambia mzee wa kanisa wa zamu, mzee atamwandikia mwalimu wa kwaya, mwalimu atampa ishara fundi. Kumbukumbu zilisomwa, zikathibitishwa.

Jumapili

Taa ya njano. Gita lilikaa mahali pake katikati ya kinanda na waimbaji, kwenye sebene likasogea mbele hatua moja kwa desibeli 3 nilizoitengea, likarudi. Simu ilisoma 88. Mpiga kinanda alisema leo amejisikia, kwa sauti ya mtu ambaye hakuwa na mpango huo.

Wimbo wa pili ukiwa katikati, mama mmoja wa umoja wa wanawake alimwinamia mzee wa zamu. Mzee alitafuta kalamu. Karatasi ilipita mkono kwa mkono kwenye viti vya pembeni, ikasimama kwa mtu aliyedhani ni ya sadaka, ikaendelea. Mwalimu wa kwaya aliipokea akiwa anaongoza ubeti wa mwisho, akaisoma wimbo ulipokwisha, akamtazama fundi, akashusha kiganja taratibu kama ilivyoamuliwa.

Fundi ni mtu wa utaratibu. Alishusha. Kwaya ilikuwa imeshaketi, na feda iliyokuwa wazi wakati huo ni ya maiki ya matangazo, ambapo mhazini alikuwa ameanza kusoma majina ya washarika ambao hawajamaliza ahadi zao za jengo, pamoja na kiasi kilichobaki. Alisoma ukurasa wote, akageuza, akasoma wa pili. Midomo ilionekana ikienda.

Hakuna aliyeomba iongezwe.